Paul Anderson: Mbabe aliyechimba shimo ili ajifunze kuinuka

Na Mwandishi Wetu

KATIKA kata ya Kang'ata, wilayani Handeni mkoani Tanga, mambo mawili hayahitaji kufundishwa darasani: gunia na shimo. Gunia, kwa sababu ardhi ya Uzigua ni ya wakulima wa mahindi, na msimu wa mavuno ukifika wapakiaji huinama, hulikumbatia gunia la kilo 100 na kuliinua hadi begani. Likiwa ni lumbesa, mzigo huo huzidi kilo 100 na mgongo ndio unaolipa tofauti. Shimo, kwa sababu ndani ya kata hiyo ndimo kilimo kilima cha Magambazi, ambako wachimbaji wadogo wamehangaika na dhahabu kwa miaka mingi.

Simulizi hii inamhusu mtu aliyeishi mbali sana na Handeni, lakini maisha yake yalijengwa na vitu hivyo hivyo viwili. Alikuwa akibeba mzigo, na alichimba shimo. Jina lake Paul Anderson, Mmarekani aliyepata kutajwa kuwa mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani. Wanaofanya mazoezi ya kunyanyua vitu vizito katika kumbi za Dar es Salaam, Tanga na Nairobi hufuata, wengi wao bila kujua, njia ambazo yeye na jirani yake mkulima walizipasua.

Anderson alizaliwa Oktoba 17, 1932 katika mji mdogo wa Toccoa, jimboni Georgia, kusini mwa Marekani. Hakuzaliwa na afya ya kuonewa wivu. Akiwa na umri wa miaka mitano hivi alishikwa na ugonjwa mkali wa figo, ugonjwa ambao wakati huo uliwaua watoto wengi. Alipona, lakini ugonjwa huo haukumsahau. Ulimsubiri ukubwani, kama tutakavyoona.

Alikua akiwa mfupi wa wastani na mpana kupita kiasi. Mapaja yake yalikuwa manene kama viuno vya watu wengine. Mwaka 1950 alipata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Furman, jimboni South Carolina, kwa ajili ya kipaji chake katika mpira wa miguu wa Kimarekani. Hakudumu huko. Baada ya muda mfupi aliondoka na kuwafuata wazazi wake, ambao walikuwa wamehamia Elizabethton, jimboni Tennessee. Kwa macho ya wengi alikuwa kijana aliyeiacha bahati yake njiani.

Huko Tennessee ndiko alikokutana na mtu aliyebadili maisha yake. Mtu huyo hakuwa kocha wa kulipwa, wala hakuwa na jumba la mazoezi lenye vioo. Alikuwa mkulima, jina lake Bob Peoples, mwenyeji wa eneo la Johnson City.

Peoples, aliyezaliwa mwaka 1910, alikuwa bingwa wa zoezi ambalo kwa lugha ya wanamichezo linaitwa dedilifti. Ndilo zoezi rahisi kuliko yote kulieleza na gumu kuliko yote kulitimiza: chuma kimelala sakafuni, mtu anainama, anakishika kwa mikono miwili, anasimama nacho hadi magoti, nyonga na mabega vinyooke. Ni kazi ya mpakiaji wa magunia, isipokuwa hapa chuma hakipandi begani. Mwaka 1949, mkulima huyo mwenye uzito wa kilo 82 tu aliinua kilo 329, yaani mara nne ya uzito wake mwenyewe. Ilichukua miaka mingi kabla ya mtu wa uzito kama wake kuufikia mzigo huo.

Siri yake ilikuwa udadisi. Peoples alifanya mazoezi katika chumba cha chini ya nyumba yake, akijitengenezea vifaa kwa mbao na vyuma vya shambani. Alitumia nguvu za trekta kuinulia chuma kizito kuliko alichoweza kukiinua mwenyewe, kisha akakishusha taratibu kwa misuli yake. Alikuwa amegundua jambo ambalo wataalamu walikuja kulithibitisha baadaye: misuli ina uwezo mkubwa zaidi wa kuzuia mzigo unaoshuka kuliko wa kuupandisha. Mtu akizoea kuushusha mzigo mzito, mwili wake huacha kuuogopa.

Peoples alikuwa pia na namna yake ya kuinama. Aliukunja mgongo wa juu kidogo, akatoa pumzi kabla ya kuvuta, ili mabega yateremke na safari ya chuma iwe fupi. Makocha wa leo hawamshauri anayeanza kumwiga. Humtaka aweke chuma juu ya katikati ya unyayo, karibu na mguu wa chini, anyooshe mikono kama kamba, avute pumzi hadi tumboni na kulikaza tumbo, mgongo ubaki umenyooka, kisha aisukume ardhi kwa miguu badala ya kukikwapua chuma kwa mgongo. Chuma kipande kikigusana na miguu. Kikienda mbele hata kwa upana wa vidole vitatu, mgongo wa chini ndio unaobeba deni.

Ni katika mazingira hayo ya mkulima mdadisi ndipo kijana Anderson alipoanza kunyanyua vyuma kwa bidii, mwaka 1952 hivi. Kama dedilifti lilikuwa zoezi la Peoples, zoezi la Anderson lilikuwa skwati. Hapa chuma huwekwa juu ya mabega, nyuma ya shingo. Mtu anachuchumaa nacho, kisha anainuka. Ambaye hajawahi kulijaribu atadhani ni jambo dogo, kwa kuwa kila mtu huchuchumaa. Aliyewahi kuinuka na ndoo mbili za maji kwenye mzega anajua kwamba sivyo.

Siku hizo wanyanyuaji wengi wa Marekani waliiona skwati kama zoezi la pembeni. Mashindano yalikuwa ya kuinua chuma juu ya kichwa, na watu walifanya mazoezi ya kuinua juu ya kichwa. Anderson aligeuza hesabu. Aliamini kwamba nguvu za mwili mzima hutoka miguuni, nyongani na mgongoni, na kwamba mwenye miguu isiyotikisika ataweza mengine yote. Kwa mujibu wa simulizi za waliomwona, tangu siku zake za mwanzo alichuchumaa na mizigo ambayo mabingwa wa miaka mingi waliiogopa.

Fedha hakuwa nazo, na vyuma vya dukani havikumtosha. Aliporudi Toccoa alijitengenezea vyake. Alichukua mapipa akayajaza zege, akatumia magurudumu na ekseli za magari, akafanya mazoezi nje nyumbani kwao. Hakuwa na saa maalumu ya mazoezi kama wengine. Alichuchumaa mara chache, akapumzika kwa muda mrefu, akanywa maziwa kwa wingi, kisha akarudi tena kwenye mzigo, na hivyo ndivyo siku ilivyokwisha.

Kisha akachimba shimo.

Mtu akisimama wima ana nguvu nyingi. Anapoteremka, nguvu hupungua, na mahali pagumu kuliko pote ni chini, pale nyonga zinapokuwa usawa wa magoti. Anderson aliuweka mzigo mzito mno ukiwa umekaa juu ya shimo, naye akaingia ndani yake na kuubeba mabegani. Kwa kuwa alisimama chini ya usawa wa ardhi, mzigo ulimfikia ukiwa juu, na alihitaji kuuinua kwa sentimita chache tu. Alipouzoea, alirudisha udongo kidogo shimoni. Sakafu ya shimo ikapanda, na safari ya mzigo ikarefuka. Wiki baada ya wiki aliendelea kulifukia, hadi siku alipokuwa amesimama juu ya ardhi tambarare, akiinuka kutoka chini kabisa na mzigo ule ule.

Hakuwa na maabara, lakini alikuwa ameielewa kanuni ambayo leo inafundishwa vyuoni: mwili hubadilika pale tu unapodaiwa kidogo zaidi ya ulivyozoea, na deni hilo liongezwe kwa kipimo. Waliozoea kuona mashimo ya watu wanaotafuta utajiri chini ya ardhi watatambua tofauti. Utajiri wa Anderson ulipatikana kwa kulifukia shimo.

Mwaka 1955 ukamtoa kijijini na kumweka mbele ya dunia. Ilikuwa enzi ya vita baridi, na Marekani ilipeleka timu ya wanyanyuaji mjini Moscow kupambana na Wasovieti. Juni 15 mwaka huo, katika ukumbi wa wazi wa Bustani ya Gorky, maelfu ya watu walikusanyika huku mvua ikinyesha. Bingwa wa wenyeji, Alexey Medvedev, alisukuma juu ya kichwa kilo 150, na akashangiliwa kama ilivyostahili. Anderson akaomba chuma kiwekwe kilo 182.5.

Inasimuliwa kuwa watazamaji walicheka, wakidhani Mmarekani huyo mnene amekuja kufanya mzaha. Alikivuta chuma hadi kifuani, akakisukuma juu, akasimama nacho kimya. Kicheko kikageuka ukimya, na ukimya ukageuka kelele za kushangilia. Warusi, waliokuja kumwona adui, waliondoka wakimtaja kama muujiza wa maumbile. Siasa zilikuwa zimeshindwa kuwakutanisha watu hao; chuma kiliwakutanisha kwa jioni moja.

Oktoba mwaka huo huo alitwaa ubingwa wa dunia mjini Munich, Ujerumani, kwa jumla ya kilo 512.5 katika mitindo mitatu iliyokuwa ikishindaniwa. Ilionekana kwamba dhahabu ya Olimpiki ya mwaka uliofuata ilikuwa kama imekwisha kutiwa mfukoni.

Michezo hiyo ilifanyika Melbourne, Australia, Novemba 1956. Kwa watu wa Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake ya pekee, kwani Kenya na Uganda, zikiwa bado chini ya Waingereza, zilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza huko. Tanganyika ilisubiri hadi Tokyo mwaka 1964.

Anderson alifika jukwaani akiwa mgonjwa. Homa kali ilimshika siku za mashindano, akapungua uzito, na jasho likamwisha kabla hajagusa chuma. Mpinzani wake alikuwa Humberto Selvetti wa Argentina, pandikizi la mtu ambaye hakutaka kuikosa nafasi hiyo. Katika mtindo wa kwanza Selvetti alisukuma kilo 175, Anderson 167.5. Katika mtindo wa pili, wa kunyakua chuma kwa mkupuo mmoja, wote walipata kilo 145. Katika mtindo wa tatu Selvetti alimaliza na kilo 180, jumla yake ikawa 500.

Hesabu ilimwangukia Anderson kwa ukatili. Kumfikia Selvetti kulihitaji kilo 187.5, si pungufu. Alijaribu mara ya kwanza, akashindwa. Akajaribu mara ya pili, akashindwa. Mnyanyuaji ana nafasi tatu tu, na ya tatu haina nyingine nyuma yake. Akiwa na homa, usiku ukiwa umekwisha kuwa mkubwa, alikiendea chuma kwa mara ya mwisho. Kikapanda, na waamuzi wakakikubali.

Wote wawili walikuwa na kilo 500. Sheria za mchezo za wakati huo zilisema kwamba watu wakilingana, ushindi ni wa mwenye mwili mwepesi. Selvetti alikuwa na kilo 143.5. Anderson, ambaye maisha yake yote alisifiwa kwa ukubwa wa mwili, alikuwa na kilo 137.9, na homa ile iliyotaka kumnyang'anya medali ilikuwa imemsaidia kupungua. Dhahabu ikawa yake. Tangu siku hiyo hakuna Mmarekani mwingine wa kiume aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki katika kundi la uzito wa juu kabisa.

Hata hivyo, dhahabu haikuweka chakula mezani. Olimpiki ya enzi hizo ilikuwa ya wanamichezo wa ridhaa, na aliyepokea fedha kwa ajili ya nguvu zake alihesabiwa kuwa amejitoa. Anderson alianza kulipwa kwa maonyesho katika miji ya starehe ya Las Vegas na Reno, akapigana mieleka, akajaribu hata ngumi. Alipotaka kurejea kwenye Olimpiki ya Roma mwaka 1960 alizuiwa. Aliyetawala jukwaa la Roma alikuwa Yuri Vlasov wa Urusi ya Kisovieti, naye Anderson, akiwa bado hajatimiza miaka 28, alibaki mtazamaji.

Hapa ndipo penye sehemu ya maisha yake inayobishaniwa hadi leo. Inaelezwa kwamba Juni 12, 1957, nyumbani Toccoa, aliingia chini ya jukwaa lililopakiwa vyuma na kuliinua kwa mgongo likiwa na kilo 2,844. Kwa kipimo cha Kang'ata, hayo ni magunia 28 ya mahindi na zaidi. Kitabu cha rekodi cha Guinness kilikuwa kikiitaja kazi hiyo kuwa mzigo mkubwa kuliko wote uliowahi kuinuliwa na binadamu, kisha kikaiondoa kwa kukosa uthibitisho. Inasimuliwa pia kwamba katika skwati alifika kilo 544. Hakukuwa na mizani iliyokaguliwa wala waamuzi watatu waliokaa pande tatu.

Ili msomaji apate kipimo, mwaka 2019 Mmarekani Ray Williams alichuchumaa na kuinuka na kilo 490 mbele ya waamuzi mjini Columbus, bila suti ngumu ya kumsaidia, na dunia ya mchezo huo ikamsimamia kwa heshima. Huenda Anderson alizidi hapo, huenda hakuzidi. Aliyoyafanya Moscow, Munich na Melbourne hayana mjadala, kwa kuwa yaliandikwa na waamuzi. Aliyoyafanya uani kwao yatabaki kuwa hadithi, hata kama ni ya kweli. Kijana anayejisifu kwa mzigo alioinua usiku akiwa peke yake na alikumbuke hilo.

Bahati yake nyingine mbaya ni kwamba alizaliwa mapema. Mchezo wa kushindana kwa skwati, kusukuma chuma kifuani ukiwa umelala, na dedilifti, ulipewa mashindano ya kitaifa huko Marekani katikati ya miaka ya 1960. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika mwaka 1971 mjini York, Pennsylvania, na shirikisho la kimataifa likaundwa mwaka 1972. Wakati huo Anderson alikuwa na miaka 40. Mchezo uliotengenezwa kana kwamba kwa ajili yake ulifika akiwa amekwisha ondoka jukwaani.

Sheria za mchezo huo zingempa kile alichokikosa. Katika skwati, mkunjo wa nyonga sharti uteremke chini ya kilele cha goti. Asiyeshuka hupewa taa nyekundu hata kama ameinuka na mzigo wa dunia. Katika dedilifti, chuma hakiruhusiwi kurudi chini wakati wa kupanda, wala kuegeshwa juu ya mapaja, wala kuachiwa kianguke. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na waamuzi wa mchezo huu hupima ameinama kiasi gani.

Anderson aliyatumia maisha yaliyobaki kwa mzigo wa aina nyingine. Alimwoa Glenda Garland mwaka 1959, na mwaka 1961 wawili hao walifungua makazi ya vijana mjini Vidalia, Georgia. Yalipokea vijana wa kiume waliokosana na sheria, ambao mahakama zingeweza kuwapeleka gerezani, wakasoma na kufanya kazi humo. Anderson, aliyekuwa Mkristo mwenye imani ya wazi, alizunguka Marekani akitoa mamia ya maonyesho kwa mwaka: aliinua meza zilizokaliwa na watu, alipigilia misumari kwenye mbao kwa mkono mtupu, na fedha zote alizipeleka Vidalia. Aliwahi hata kuendesha baiskeli kutoka Vidalia hadi Omaha, jimboni Nebraska, kutafuta michango, jambo lisilo dogo kwa mtu wa zaidi ya kilo 130.

Ndipo ugonjwa wa utotoni ukarudi kudai chake. Figo zilizoponea chupuchupu akiwa mtoto zilianza kushindwa, na uzito mkubwa aliokuwa ameubeba miaka yote haukumsaidia. Mwaka 1983 dada yake alimpa figo moja, na madaktari wakampandikizia. Mtu aliyesifiwa kwa kuinua mizigo ya watu wengi aliendelea kuishi kwa kubebwa na mtu mmoja. Aliishi miaka 11 zaidi, mingi yake kwa udhaifu na maumivu. Alifariki dunia Agosti 15, 1994, akiwa na umri wa miaka 61. Mwalimu wake wa mwanzo, mkulima Bob Peoples, alikuwa ametangulia mwaka 1992.

Makazi ya Vidalia yalibaki baada yake. Yamebaki pia mafundisho mawili ambayo hayahitaji jumba lenye vioo. La kwanza ni kwamba nguvu hujengwa kwa subira: sentimita chache za udongo kwa wiki, hadi shimo lijae. Anayeanza leo hana haja ya kuanza na mzigo uliomkubwa na safari fupi kama Anderson. Makocha wengi hupendelea mzigo mdogo na safari kamili, kisha waongeze kilo mbili na nusu kila mwili unapokubali. Hesabu ni ile ile.

La pili linawahusu hata wasioingia ukumbi wa mazoezi. Mpakiaji wa Kang'ata anayeinua gunia kwa kupiga magoti, kulivuta karibu na kifua, kukaza tumbo na kusukuma kwa miguu, anafanya kile Anderson na Peoples walichokitafuta kwa miaka. Anayeliinua kwa mgongo uliopinda, mikono ikiwa mbali na mwili, anakopa kwa mgongo wake wa kesho. Na lumbesa, hata likibebwa na mwenye miraba minne, litabaki kuwa mzigo ambao hakuna mwamuzi aliyeupima.